UZI: Data za utafiti wa afya chuoni, zinavujia wapi na zinapotelea wapi

Meneja_Data

Wakuu, heshima kwenu.

Kila kamati ya maadili siku hizi inauliza: data zitatunzwaje? Na jibu linalonakiliwa kutoka andiko hadi andiko ni lilelile: "data zitahifadhiwa kwenye kompyuta yenye nywila na kwenye kabati lenye kufuli." Jibu hilo halisemi kitu. Nywila ya kuingilia Windows haimzuii mtu kuchomoa diski, kuichomeka kwenye mashine nyingine na kusoma faili moja baada ya jingine. Kabati nalo lina kufuli, ila ufunguo unaning'inia kwenye msumari nyuma ya mlango.

Msimamo wangu: tunahangaika na seva wakati data zinavujia kwenye nakala. Seva ya chuo angalau ina mtu wa kuiangalia. Nakala iliyo kwenye flashi ya msaidizi wa utafiti, kwenye barua pepe ya msimamizi na kwenye kikundi cha WhatsApp cha wadadisi haina mwenyewe. Kwa hiyo kabla dodoso la kwanza halijajazwa, tenganisheni mafaili matatu.

La kwanza ni orodha ya utambuzi: jina, simu, kijiji, namba ya jalada la hospitali, na pembeni namba ya mshiriki. Hili wanaliona watu wawili tu, mratibu na meneja data, na halikai folda moja na data hata siku moja.

La pili ni data ghafi, zenye namba ya mshiriki pekee. Likishaingia, halibadilishwi. Liwekeni alama ya kusomwa tu.

La tatu ni data za uchambuzi, ambazo ndizo mwanafunzi na mtakwimu wanapewa. Humu tarehe ya kuzaliwa imegeuka umri kwa miaka, kijiji kimegeuka wilaya, na majibu ya maelezo marefu yamepitiwa kwa jicho la mtu. Dodoso lenye swali la "maoni mengine" ndiko utakuta "mke wa mwenyekiti wa kitongoji ndiye aliyeniambia".

Jambo moja la kisheria, nisilirudie: Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 ilianza kutumika Tanzania tarehe 1 Mei 2023, na taarifa za afya zimo kwenye kundi la taarifa nyeti. Kibali cha maadili hakikutoi kwenye sheria hiyo. Ni vitu viwili.

Karibuni, kila mtu na eneo lake.

---

mzamili2

Asante mkuu. Kuhusu namba ya mshiriki: nikichukua namba ya CTC (kliniki ya wanaoishi na VVU) au ya NIDA (kitambulisho cha taifa) na kuifupisha, si inatosha? Au nikipitisha namba ya simu kwenye SHA-256 (fomula ya kugeuza data kuwa kamba ya herufi na tarakimu) ili itoke kamba ndefu isiyosomeka?

---

Fundi_Seva

Hapana kwa zote tatu.

Namba ya NIDA ina tarakimu 20, na nane za mwanzo ni tarehe ya kuzaliwa kama ilivyo. Ukiifupisha kwa kubakiza mwanzo, umebakiza kile ulichotaka kuficha. Namba ya CTC inabeba mkoa, wilaya na kituo, na ikionekana tu kwenye faili imeshasema hali ya mtu.

Hiyo ya SHA-256 ndiyo inayodanganya wengi kwa sababu inaonekana ya kitaalamu. Piga hesabu. Namba ya simu ya mkononi ya kwetu ina tarakimu 10 na inaanza na 06 au 07. Zinabaki tarakimu nane, yaani namba milioni 100 mara mbili: milioni 200. Laptopu ya kawaida inazipitisha zote kwenye SHA-256 kwa dakika chache, kisha inalinganisha na kamba zako, moja baada ya nyingine, mpaka namba zote zirudi. Kamba ndefu hailindi kitu kama vitu vinavyoweza kuizaa ni vichache.

Namba ya mshiriki iwe ya kubahatisha au ya mfululizo uliochapishwa kabla ya kwenda uwandani, isiyo na uhusiano wowote na mtu mwenyewe.

---

Mama_Dodoso

Naongezea hapo kwenye namba, maana wengi wanaishia kwenye 001, 002, 003, halafu mdadisi anaandika 012 badala ya 021 na damu ya mtu mmoja inaunganishwa na dodoso la mwingine. Kosa hilo halionekani hadi mwisho, na likionekana halirekebishiki.

Wekeni tarakimu ya uhakiki mwishoni. Mfano, namba 3017. Zidisha tarakimu kwa 5, 4, 3, 2 kutoka kushoto: 15 + 0 + 3 + 14 = 32. Gawanya kwa 11, baki ni 10. Toa 10 kwenye 11, unapata 1. Namba kamili ni 30171. Baki ikiwa 0, tarakimu ya uhakiki ni 0. Baki ikiwa 1, jibu litakuwa 10, na hiyo namba iachwe kabisa, isitumike.

Fomu inapojazwa, programu inazidisha kwa 5, 4, 3, 2, 1 na kujumlisha. Lazima jumla igawanyike kwa 11. Mdadisi akipindua akaandika 30711, jumla ni 39, haigawanyiki, fomu inagoma palepale akiwa bado yuko mbele ya mshiriki. Utaratibu huu unakamata kila kosa la tarakimu moja na kila kupinduka kwa tarakimu mbili zinazofuatana. Gharama yake ni mstari mmoja wa masharti kwenye fomu.

Na stika za chupa za damu zichapishwe mapema kwa seti: moja ya dodoso, moja ya fomu ya ridhaa, moja ya chupa, moja ya daftari la maabara, na mbili za akiba. Namba ikiandikwa kwa mkono mara nne, kuna siku itaandikwa tofauti.

---

kishikwambi7

Upande wa uwandani. Wanaotumia ODK au KoboToolbox (programu za kujazia dodoso kwenye kishikwambi), washeni usimbaji wa fomu (yaani jibu lisisomeke bila ufunguo). Unavyofanya kazi: kila dodoso linalokamilishwa linasimbwa kwa ufunguo wake wa AES (njia ya usimbaji) wa biti 256, na ufunguo huo nao unafungwa kwa ufunguo wa umma wa RSA (njia yenye funguo mbili, wa umma wa kufungia na binafsi wa kufungulia) uliomo ndani ya fomu. Ufunguo binafsi wa kufungulia hauendi uwandani. Kishikwambi kikiibwa kwenye daladala, mwizi amepata kishikwambi.

Ila mtego upo, na hausemwi kwenye semina nyingi: usimbaji unafanyika pale dodoso linapokamilishwa. Rasimu haijasimbwa. Mdadisi mwenye tabia ya kuhifadhi madodoso kumi kama rasimu ili "ayapitie jioni" anatembea na majibu kumi ya wazi. Kanuni ya timu iwe rasimu sifuri kabla ya kuondoka kijijini. Na ukishakamilisha fomu iliyosimbwa huwezi kuifungua tena kwenye kishikwambi kurekebisha, kwa hiyo wafundisheni kuhakiki kabla ya kubonyeza.

Mtego wa pili: ukipoteza ufunguo binafsi, data zimekufa. Hakuna wa kumpigia simu. Wekeni nakala mbili za ufunguo, moja kwa meneja data na moja kwenye bahasha iliyofungwa kwa lakiri ofisini kwa mkuu wa idara. Kabla ya kuanza, tumeni dodoso la majaribio na mlifungue kwa ufunguo wa kwenye bahasha, si ule wa kwenye laptopu.

Mengineyo ni ya kawaida: PIN ya tarakimu sita, kufuta fomu baada ya kutuma, Google Photos izimwe. Hii ya mwisho ni muhimu kama mnapiga picha za kadi za kliniki, maana picha inapanda kwenye akaunti binafsi ya mdadisi kabla hamjarudi mjini.

---

mzamili2

Kwa hiyo REDCap (ule mfumo wa kutunzia data za utafiti) haina haja kama tuna Kobo?

---

Meneja_Data

Zina kazi tofauti. Kobo na ODK ni kwa uchunguzi wa mara moja, kaya kwa kaya. REDCap, iliyoanzia Chuo Kikuu cha Vanderbilt mwaka 2004, inang'aa pale mshiriki anaporudi mara tano na watu wanane wanagusa rekodi yake. Kila badiliko linabaki kwenye kumbukumbu: nani, lini, lilikuwa nini, likawa nini.

Kwenye REDCap fanyeni vitu vitatu. Wekeni alama ya utambulisho kwenye kila swali lenye jina, simu au mahali. Bila alama hiyo mfumo haujui cha kuondoa. Haki ya kutoa data iwe ya viwango. Mwingizaji data hahitaji kutoa hata safu moja. Na vituo vikiwa zaidi ya kimoja, gawanyeni makundi ya ufikiaji ili muuguzi wa kituo kimoja asisome wagonjwa wa kingine.

La hatari zaidi: msibadilishe misimbo ya majibu baada ya kuanza kukusanya. Kama 1 ilikuwa "ndiyo" na mtu akapanga upya 1 ikawa "hapana", majibu yote ya zamani yanageuka maana kimyakimya. Hakuna onyo jekundu litakalowaka kwenye uchambuzi. Mkitaka jibu jipya, lipeni namba mpya mwishoni.

---

Stata_na_Chai

Nimekaa kimya nikisubiri mtu aitaje Excel. Hamjaitaja, naitaja mimi.

Oktoba 2020 Uingereza iligundua kuwa visa 15,841 vya UVIKO-19, vya kati ya Septemba 25 na Oktoba 2, vilikuwa havijaingia kwenye takwimu za kila siku. Mafaili ya maabara yalikuwa yanapitishwa kwenye muundo wa zamani wa Excel wenye mwisho wa mistari 65,536. Iliyozidi ilidondoka. Waliopimwa walipata majibu yao, ila ufuatiliaji wa waliokutana nao ulichelewa. Hiyo ni taasisi ya taifa. Idara yetu yenye laptopu tatu ijitafakari.

Yanayotokea kwetu ni madogo zaidi na ya kila siku. Faili la CSV (jedwali la maandishi matupu) likifunguliwa kwa kubofya mara mbili, namba ya mshiriki 00713 inakuwa 713. 03/04/2024 inasomwa Aprili 3 kwenye mashine moja na Machi 4 kwenye nyingine. Faili lililotoka kwenye Excel ya zamani ya Mac linaweza kuhesabu tarehe kuanzia 1904, na ukinakili safu kwenda faili jingine tarehe zote zinasogea siku 1,462, yaani miaka minne na siku moja. Mtoto wa chanjo anazaliwa kabla ya mama kuolewa.

Dawa: tarehe ziandikwe 2024-04-03, mwaka kwanza. Namba za washiriki ziingizwe kama maandishi. Excel itumike kutazama, kamwe isitumike kusafisha. Usafishaji wote ufanyike kwa faili la amri, la Stata au R (programu za takwimu), ili mtu akiuliza "kwa nini mshiriki huyu umri wake ni 34 na kwenye dodoso ni 43", mstari wa jibu uwepo, na tarehe, na sababu.

Na misimbo ya kutokuwepo jibu. 99 kwa umri ni mtego, kuna bibi wa miaka 99. Tumieni namba isiyowezekana, kama -99, kisha igeuzwe mapema. Wa Stata mkumbuke kwamba pengo linahesabiwa kubwa kuliko namba yoyote. Ukiandika `if umri > 60` umewaingiza na wote wasiojulikana umri. Nimeona mabango ya mikutano yenye wazee wengi kuliko kijiji.

---

Mdau_wa_Pwani

Salamu kutoka Mombasa. Huku kwetu ni Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019, na data zikivuja kwa namna inayoweza kumdhuru mhusika, mwenye data anatakiwa kumjulisha Kamishna ndani ya saa 72 tangu ajue. Saa 72 ni chache mno kama hujui hata nakala ziko ngapi. Ndiyo maana naunga mkono hoja ya mleta uzi: andikeni daftari la nakala. Safu tano zinatosha: faili gani, liko wapi, kwa nani, tangu lini, litafutwa lini.

Kwa miradi ya nchi mbili: msipeleke data kwa mshirika ng'ambo bila mkataba wa uhamishaji data, hata kama mshirika ndiye mfadhili. Mkataba utaje safu zinazokwenda, matumizi, muda, na kama anaruhusiwa kumpa mtu wa tatu. Tukumbuke pia kwamba ukitumia fomu iliyo kwenye seva ya nje, data zimeshavuka mpaka siku ya kwanza, kabla hujatuma barua pepe yoyote.

---

mchambuzi_kimya

Swali. Tukitoa majina, simu na kijiji, si tayari zimekuwa data zisizotambulika? Mfadhili anataka tuziweke wazi.

---

Fundi_Seva

Zimekuwa data zisizo na majina. Kutotambulika ni kitu kingine.

Marekani, miaka ya 1990, Latanya Sweeney alichukua data za hospitali za wafanyakazi wa serikali ya Massachusetts zilizokuwa zimeondolewa majina, akazilinganisha na daftari la wapiga kura, akampata gavana William Weld mwenyewe. Alitumia tarehe ya kuzaliwa, jinsia na msimbo wa posta. Baadaye akakadiria kwamba vitu hivyo vitatu vinatosha kumpambanua mtu kwa asilimia 87 ya Wamarekani.

Sasa weka hilo kijijini kwetu. Mwanamke, miaka 41, watoto 9, mapacha, muuguzi. Jina la nini tena?

Cha kufanya: chagua vitu ambavyo jirani anavijua (umri, jinsia, kata, kazi, kabila, idadi ya watoto), panga data kwa mchanganyiko wake, hesabu kila kundi lina watu wangapi. Kundi lenye chini ya watu watano, panua: umri kwa miaka mitano mitano, kata iwe wilaya, "watoto 7 au zaidi". Rudia mpaka makundi madogo yaishe au yawe machache ya kuondoa.

Kuhusu GPS: desimali tano ni kama mita 1.1, huo ni mlango wa nyumba. Desimali mbili ni kama kilomita 1.1. Tafiti za DHS (za kitaifa za idadi ya watu na afya), ambazo hata TDHS ya Tanzania ni mojawapo, husogeza pointi za vishada (makundi ya kaya za eneo moja) kwa kubahatisha: mjini hadi kilomita 2, vijijini hadi 5, na asilimia 1 ya vile vya vijijini hadi 10. Na hizo ni pointi za kishada kizima. Mtu anayeweka wazi pointi ya kaya yenye mgonjwa wa kifua kikuu amepeleka ramani.

Kama uchambuzi unahitaji tarehe, sogeza tarehe zote za mshiriki mmoja kwa idadi moja ya siku ya kubahatisha. Muda kati ya hudhurio na hudhurio unabaki sahihi. Ila msimu unapotea, kwa hiyo wa malaria fikirini kwanza.

---

Mama_Dodoso

Na sauti jamani. Sauti ya mtu ni jina lake. Saa moja ya mahojiano kwa WAV ya kawaida, mkondo mmoja, ni kama MB 317. Kwa MP3 ya kbps 64 ni MB 29 hivi. Kwa sababu ni zito, watu wanalituma WhatsApp au wanalipandisha kwenye tovuti ya bure inayogeuza sauti kuwa maandishi. Hapo ridhaa ya mshiriki imeshavunjwa, kwani hakuambiwa hilo. Hamisheni kutoka kwenye kinasa sauti siku hiyohiyo, simbeni, hakikini nakala inacheza hadi mwisho, ndipo mfute kwenye kinasa.

---

Fundi_Seva

Bakapu, kwa kuwa hakuna aliyeigusa.

Nakala tatu, kwenye vyombo vya aina mbili, moja nje ya jengo. Google Drive au OneDrive inayojisawazisha yenyewe usiihesabu kama bakapu: ukifuta, inafuta, virusi vya kudai fidia vikifunga mafaili, inapandisha yaliyofungwa. Juni 2020 kitivo cha tiba cha Chuo Kikuu cha California, San Francisco, kilifungiwa seva zake, na chuo kikalipa dola milioni 1.14. Kwa hiyo nakala mojawapo iwe kwenye diski ya nje isiyochomekwa. Chomeka, nakili, chomoa, weka kabatini. Diski inayokaa imechomekwa mwaka mzima inafungwa pamoja na kompyuta.

Na bakapu yenyewe inaweza kuua. Desemba 2021 Chuo Kikuu cha Kyoto kilipoteza TB 77 kwenye kompyuta kuu yake, mafaili kama milioni 34, kwa sababu ya hitilafu ya programu iliyokuwa ikiendesha bakapu. Vikundi 14 viliguswa, vinne havikuweza kurudishiwa.

Kila miezi mitatu rudisha faili moja kutoka kila nakala kwenye mashine isiyo ya mradi, na ulinganishe alama yake ya SHA-256 na ile ya faili la asili. Kwenye Windows: `certutil -hashfile data_ghafi.csv SHA256`. Kamba ikitofautiana hata herufi moja, nakala hiyo si ile.

Laptopu zisimbwe kwa BitLocker (iko kwenye Windows Pro) au VeraCrypt. Ufunguo wa kurejesha wa BitLocker una tarakimu 48. Uchapishwe, ukae kwenye bahasha ileile ya idara. Ukibaki kwenye akaunti binafsi ya mwanafunzi, akihitimu umehitimu naye.

---

Stata_na_Chai

Nampinga Meneja kimya chake kuhusu orodha ya utambuzi. Mradi ukiisha, ichomwe. Kila mwaka inaobaki ni hatari ya bure.

---

Meneja_Data

Kwa utafiti wa mara moja, nakubali, na tarehe iandikwe kwenye andiko. Kwa majaribio ya dawa hapana. Ikigundulika baadaye kwamba dawa ina madhara, lazima kuwe na njia ya kumfikia aliyeimeza. Kwa utafiti wa kufuatilia watu miaka na miaka, ukiichoma umechoma utafiti. Hapo inabaki, ila ikitoka kwa mratibu na kwenda kwa mtunzaji wa idara, kwa saini.

---

mzamili2

La mwisho wakuu: kufuta kwenye flashi kunatosha? Na karatasi?

---

Fundi_Seva

Kufuta kunaondoa jina la faili kwenye orodha, maandishi yanabaki. Kuandika juu yake kwenye flashi au SSD nako hakuaminiki, kwa sababu chombo chenyewe huhamisha data kwenye seli nyingine. Njia safi ni flashi iwe imesimbwa tangu siku ya kwanza. Siku ya kufuta unaharibu ufunguo. Kama haikusimbwa, ivunje.

---

Mama_Dodoso

Karatasi: mashine inayokata vipande vidogo, si vibanzi virefu. Fomu za ridhaa zihesabiwe kabla, zihesabiwe baada, watu wawili wasaini. Na msiziuze kwa wafunga maandazi.